Binti Aliyeagwa Kabla ya Kusafiri

Jina la nchi yetu nitaliacha lipumzike. Siogopi kulitaja, ila limetumika sana kwenye hotuba na limechoka. Mimi naitwa Ngwali Shemhina, mwandishi wa taarifa daraja la pili katika Wizara ya Upepo, Mvua na Habari Njema. Miaka ishirini na sita nimeandika taarifa za hali ya hewa. Mvua ikinyesha, naandika kwamba Serikali imeleta mvua. Isiponyesha, naandika kwamba Serikali imezuia mafuriko. Kazi si ngumu, na nilikuwa nikijiona naiweza, mpaka alipokuja Sikudhani.

Alikuja Jumatatu asubuhi na bahasha mkononi. Sikudhani Mkilalu, umri miaka ishirini na nne, mwanafunzi wa shahada ya pili katika Chuo Kikuu chetu. Alikuwa mwembamba, mrefu, na hata akisimama ungedhani yuko njiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Kaa."

"Ahsante, nitasimama. Nina siku arobaini na moja tu."

Akanipa barua. Taasisi moja ya utafiti ya ng'ambo ilikuwa inapeleka meli Ncha ya Kusini, kule kwenye barafu isiyoyeyuka, na kati ya wanafunzi wa nchi nyingi waliojaribu bahati, kitanda kimoja kilikuwa kimemwangukia yeye. Meli ingeng'oa nanga katika bandari ya nchi jirani baada ya siku arobaini na moja. Kwetu raia hatoki kwenda kufanya utafiti bila kibali cha Wizara. Alichotaka ni karatasi hiyo moja.

"Kule utafanya nini?" nikamuuliza.

"Nitachimba barafu."

"Ndani ya barafu kuna nini?"

"Vumbi letu, mzee."

Nikadhani ananitania. Akanieleza, mguu wake mmoja ukigonga sakafu muda wote. Theluji ya kila mwaka hulala juu ya theluji ya mwaka uliopita, kama shuka juu ya shuka. Upepo hauombi ruhusa; huchukua vumbi la huku ukaliangusha kule, nalo likafunikwa. Ukichimba ukatoa kipande kirefu cha barafu, unaweza kuhesabu miaka kama mtu anayefunua daftari. Yeye alikuwa anatafuta vumbi jekundu la Ziwa Mwerere, ajue lilianza kuruka mwaka gani.

Hapo nilitazama kulia na kushoto, kisha nikafunga dirisha.

Ni lazima niseme neno kuhusu Ziwa Mwerere. Ziwa hilo halijakauka. Kwa mujibu wa tamko la Serikali, limepumzika. Tena lilianza kupumzika miaka ishirini na mitano iliyopita, yaani miaka mitatu kabla ya Serikali yetu tukufu kushika madaraka, hivyo mwenye kulaumiwa ni wale waliotangulia. Watu wa kule ziwani wana ubishi wao. Wanasema maji yaliondoka baada ya kuchimbwa mfereji wa kwenda Shamba la Maua la Taifa, na mfereji huo una miaka kumi na tisa tu. Baba yake Sikudhani alikuwa mvuvi wa huko. Alikufa kwa kifua, baada ya kuvuta vumbi hilo miaka kadhaa. Sikudhani mwenyewe alikumbuka akiwa na miaka minne, baba yake amemshika tumboni, akimfundisha kupiga mbizi. Kwa hesabu ya Serikali, alifundishwa kuogelea katika ziwa ambalo halikuwapo.

"Binti," nikamwambia, "hapo kwenye kusudi la safari, andika barafu tu. Vumbi liache."

Akanitazama kidogo, akaandika barafu.

*

Waziri wetu, Mheshimiwa Thabiti Mgulambwa, alipoisoma barua ile alisimama kitini. Hakusoma kuhusu vumbi wala barafu. Alisoma neno Ncha.

"Hakuna raia wa nchi yetu aliyewahi kufika huko?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi tumefika," akasema.

Wiki hiyohiyo ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kukabili Baridi, wajumbe thelathini na mmoja, mimi nikiwa mwandishi wa kumbukumbu. Sikudhani aliitwa kila kikao, akikalishwa kwenye kiti kilichoegemea ukuta, nje ya meza.

Kikao cha kwanza kilijadili kama baridi inapatana na sera za nchi. Cha pili kilikwama kwenye ramani. Mheshimiwa aliuliza Ncha ya Kusini iko wapi, akaonyeshwa chini kabisa, karibu na fremu. Akakunja uso. Akasema yeye hawezi kumpeleka mtoto wa nchi hii chini. Serikali hupeleka watu juu. Mwishowe mjumbe mmoja wa busara akapanda kiti, akaigeuza ramani juu chini, akaipigilia upya. Wajumbe wakapiga makofi. Hadi leo ramani ya Wizara imening'inia hivyo, na wageni wakija tunawaambia ndiyo mpya.

Sikudhani akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, naomba kujua kibali kitatoka lini. Zimebaki siku thelathini na tatu."

"Binti, tulia," akasema Mheshimiwa kwa upole. "Barafu haikimbii."

"Meli inakimbia, Mheshimiwa."

Niliandika katika kumbukumbu kwamba mtafiti aliishukuru Serikali.

Kisha ukaja upimaji wa afya. Fomu zetu za daktari zina nafasi ya malaria, kichocho na homa ya matumbo, baridi haimo. Kamati ikaamua ajaribiwe kwa vitendo. Wakampeleka kwenye machinjio ya mji, katika chumba baridi cha kutunzia nyama. Aliingia amevaa sweta mbili, akasimama katikati ya ng'ombe waliotundikwa, mlango wa chuma ukafungwa. Sisi thelathini na mmoja tukamtazama kupitia kidirisha cha kioo. Muda uliopangwa ulikuwa dakika kumi.

Dakika ya saba tukaambiwa chakula tayari. Ilikuwa pilau.

Ningependa kusema kwamba nilibaki pale. Sikubaki. Nilikwenda na wenzangu, nikanawa, nikala. Nilikuwa nimeinua kijiko cha mchuzi, mchuzi ukitoa moshi, ndipo moshi ule ukanikumbusha pumzi ya mtu kwenye kioo. Niliacha kijiko nikakimbia. Nilipofungua mlango nilimkuta anazunguka kati ya mizoga, mikono kwapani, midomo imekuwa ya kijivu. Alikuwa amekaa humo dakika hamsini na tano.

"Nisamehe, mwanangu," nikasema. "Mimi ni karani tu. Kufungua na kufunga haviko mikononi mwangu."

Meno yake yaligongana hata hakuweza kunijibu upesi. Akatoka juani, akakaa juu ya jiwe, akatetemeka muda mrefu. Halafu akasema, "Zimebaki siku thelathini, Mzee Ngwali. Andika kwamba nimefaulu."

*

Mama yake, Bi Tausi, alikuwa fundi cherehani. Nilipokwenda nyumbani kwao kuchukua vipimo vya bendera aliyopewa kushona, ambayo binti angesimika, nilimkuta anashona koti kwa mablanketi matatu, sindano imekatika mara mbili. Sikudhani alikuwa anafunga begi. Alilifunga, akalifungua, akatoa soksi, akazirudisha, akalifunga tena.

"Yuko hivyo wiki nzima," Bi Tausi akaniambia. "Usiku anaamka kuangalia kama begi lipo. Nikimuuliza begi litakwenda wapi bila wewe, ananiambia mama, hilo ndilo lenye afadhali, halihitaji kibali."

"Kibali kitatoka tu," nikasema.

"Wewe unaamini hivyo, Bwana Ngwali, au ndivyo ulivyozoea kusema?"

Nikapima bendera.

Ukweli ni kwamba kibali kilikuwa kimekwama kwenye neno moja. Katika Kamati ilizuka hoja: mtafiti anakwenda, au anapelekwa? Anayekwenda amejituma mwenyewe, na akirudi na sifa ni zake. Anayepelekwa ametumwa, na sifa ni za aliyemtuma. Vikao vinne vilipita juu ya hapo. Wakati huohuo pasipoti yake ilichukuliwa na Mheshimiwa ili ihifadhiwe isipotee, ikawekwa katika mtoto wa meza yake.

Siku ya kuagana ilifika kabla ya neno kupatikana. Ndege ya kwenda bandarini ilikuwa iondoke jioni, siku kumi na mbili kabla ya meli. Uwanja wa taifa ulijaa wanafunzi waliosimama juani tangu asubuhi. Sikudhani alivalishwa koti la mablanketi matatu, akapandishwa jukwaani saa saba mchana. Mheshimiwa akahutubia.

"Ndugu wananchi," alisema, "wapo wanaosema nchi yetu haina barafu. Nawauliza, na nchi zenye barafu zina nini? Zina barafu tu. Sisi leo tunazo zote mbili: joto tunalo, na barafu tunaifuata. Baridi hii tutaishinda kama tulivyolishinda joto." Hapo wanafunzi kumi na wanne walikuwa wameshazimia kwa joto.

Alizungumza saa moja na dakika hamsini. Mwisho akainua jalada jekundu lenye nembo ya nchi, kamera zikasogea, akamkabidhi Sikudhani. Bendi ikapiga. Redio na televisheni zikatangaza kwamba ameondoka.

Kwenye uwanja wa ndege, ofisa alifungua jalada. Ndani kulikuwa na orodha ya vyakula vya tafrija: biriani, kachumbari, soda baridi. Kibali bado kilikuwa kwa mpiga chapa, kikingoja neno. Na pasipoti ilikuwa mezani kwa Mheshimiwa, ambaye alikwisha kwenda kwenye tafrija.

Ndege ikaruka. Sikudhani alisimama kwenye dirisha la kioo akiitazama, jasho likimtiririka ndani ya koti, mpaka nikamshika mkono.

*

Asubuhi yake nilikwenda kumweleza Mheshimiwa. Nilidhani angekasirika, atie saini, tutafute ndege nyingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai.

"Ngwali, jana taifa limemuaga?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Magazeti yameandika ameondoka?"

"Ndiyo."

"Basi ameondoka. Taifa haliwezi kumuaga mtu mmoja mara mbili. Wananchi watauliza mara ya kwanza tuliaga nini. Akae ndani kwao, asionekane. Wewe utaandika barua zake kutoka kule, kila siku, ukurasa wa kwanza."

"Na meli, Mheshimiwa? Bado siku kumi na moja. Akipata kibali leo, kwa barabara anafika."

"Kibali cha nini," akaniuliza kwa mshangao wa kweli, "kwa mtu aliyekwisha fika?"

Ili kila kitu kiende sambamba na gazeti, watu wa uhamiaji waliletwa ofisini, wakaigonga pasipoti yake muhuri wa kutoka, tarehe ya jana. Kisha ikarudi katika mtoto wa meza.

Nami nikaandika. Nakiri zilinijia kirahisi. Barua ya kwanza ilisema barafu ni safi na ina nidhamu. Ya pili ilisema watafiti wa mataifa makubwa walipomwona walisimama. Ya tatu ilisema dubu weupe walikuja hadi mlangoni kusikiliza wimbo wetu wa taifa. Watu walizipenda. Shuleni zilisomwa mstarini. Sokoni wauza nyanya walikuwa wakiulizana, "Leo Sikudhani kasemaje?"

Siku ya nne nilikwenda nyumbani kwao, nikipita uani. Madirisha yalikuwa na mapazia mazito. Mbele, majirani walikuwa wamekaa na Bi Tausi wakimpongeza. Chumba cha nyuma, Sikudhani alikuwa anatembea kutoka ukuta hadi ukuta, hatua tano kwenda, tano kurudi. Mkononi alikuwa na gazeti.

"Dubu hawaishi kusini," akasema kwa sauti ya chini. "Wako kaskazini. Kusini kuna pengwini."

"Nitawaondoa."

Kesho yake niliandika kwamba dubu wale walikuwa wageni na wamerudi kwao.

"Mzee Ngwali," akaniambia siku hiyohiyo ya nne, akisimama kwa mara ya kwanza, "jana usiku mama alipandwa na pumu nikashindwa kwenda kumtafutia dawa. Unajua kwa nini? Kwa sababu niko Ncha ya Kusini. Alikaa pale kitandani anahangaika, nami nimesimama nyuma ya pazia nangoja jirani asikie. Sasa niambie. Pasipoti yangu iko wapi?"

"Kwa Mheshimiwa. Lakini mwanangu, mimi ni karani tu."

"Kule machinjioni ulisema hivyohivyo," akasema. Hakuwa amekasirika. "Lakini mlango uliufungua."

Nilitoka nikitembea upesi bila kujua naharakia nini. Nilipita ofisini nikatoka, nikarudi tena. Siku tatu sikutulia. Nilikaa nikasimama, nikasimama nikakaa, mke wangu akaniuliza kama nina mchango wa tumbo. Siku ya nane niliingia kwa Mheshimiwa.

"Mheshimiwa, wasomaji wanataka kuona saini ya mtafiti chini ya barua. Ninaomba pasipoti yake niige mwandiko."

"Umeanza kuwaza kama kiongozi," akasema, akafungua mtoto wa meza.

Mchana wake nikaomba gari la Wizara, safari ya kikazi, kwenda kuchunguza upepo wa mpakani. Nilipewa bila swali. Upepo ndiyo kazi yetu.

*

Tulifika mpakani siku ya tisa, saa nne asubuhi. Sikudhani alikaa kiti cha nyuma na begi mapajani, vidole vyake vikipiga zipu njia nzima. Zilibaki siku tatu, na bandari ilikuwa mwendo wa siku mbili na nusu.

Ofisa wa zamu alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani, gazeti la siku hiyo limetandazwa mbele yake. Picha ya Sikudhani ilikuwa ukurasa wa kwanza. Akapokea pasipoti, akafunua, akasoma muhuri. Akamtazama Sikudhani. Akatazama gazeti.

"Huyu ametoka nchini siku tisa zilizopita," akasema.

"Ndiyo," nikajibu.

"Na leo ameandika kwamba amekula samaki pamoja na pengwini."

"Ameandika."

"Sasa huyu aliyesimama hapa anataka nini?"

Kabla sijapata uongo, Sikudhani akasema, "Nataka kwenda, afande. Sijaenda bado. Wamenificha nyumbani kwa mama. Meli inaondoka Jumapili."

Ofisa akavua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya shati. Nje, lori la vitunguu lilikuwa linapiga honi.

"Dada, nikikugongea muhuri wa kutoka, nitakuwa nimemtoa mtu aliyekwisha toka. Hilo ni kosa. Nikikukamata, nitaandika nimemkamata nani? Sikudhani Mkilalu yuko Ncha ya Kusini. Mheshimiwa Waziri mwenyewe amesema. Nikiandika yuko hapa, nimemfanya Waziri mwongo. Hilo ni kosa kubwa zaidi." Akarudisha miwani. "Kwa hiyo mimi sijaona mtu. Nimeona gari la Wizara limekuja kuchunguza upepo."

Akatoka, akainua kizuizi kwa mkono wake mwenyewe. Sikudhani alipompita, yule ofisa akamwinamia kidogo, akauliza kama anayeona haya, "Hivi dada, ni kweli kule jua halizami?"

"Kwa majira haya, ndivyo nilivyosoma," akasema. "Nikifika nitajua."

Alinipa mkono. Nilitaka kumwambia neno la mzee kwa mtoto, neno la kumfaa njiani, lakini yote niliyoyafikiria nilikuwa nimekwisha kuyatumia kwenye barua. Nikamwambia, "Kimbia." Akakimbia kweli, koti la mablanketi limemning'inia begani, akadandia basi la upande wa pili likiwa limeanza kuondoka.

*

Niliendelea kuandika barua. Ungefanya nini? Sikujua kama aliiwahi meli. Niliandika kwamba theluji imeanguka kwa utaratibu, huku nikijiuliza kama binti amelala kwenye sakafu ya bandari. Bi Tausi hakuniuliza kitu. Kila nikipita aliinua macho kwenye cherehani, nami nikitikisa kichwa, akaendelea kushona.

Siku niliyomaliza barua ya arobaini na tatu, baruapepe iliingia Wizarani. Ilikuwa yake. Nimeisoma mara nyingi kiasi kwamba naweza kuitamka.

"Mzee Ngwali, shikamoo. Meli niliipata imebakiza saa mbili. Siku tano za kwanza nilitapika mpaka nikatamani tuzame. Ncha za vidole zimekufa ganzi, viwili vina malengelenge. Chakula chao hakina chumvi wala pilipili. Juzi nililia, chozi likaganda, nikacheka, nikalia tena. Hakuna aliyesimama aliponiona; wote walikuwa na kazi. Tumechimba. Katika kipande cha tatu nimeona mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, na kuanzia hapo kwenda juu kila tabaka lina uzi wake. Chini ya hapo hakuna. Nimehesabu mara tatu: miaka kumi na tisa. Wenzangu wanasema tusitangaze, tungoje maabara wathibitishe kwamba ni udongo wetu, na wana haki. Huenda nimekosea. Lakini rangi ile naijua, ndiyo iliyokuwa kwenye leso ya baba. Mwambie mama niko salama, na koti linatosha."

Niliipeleka kwanza kwa Bi Tausi, kabla ya ofisini, na kwa mtumishi wa Serikali hilo ni kosa. Akaisoma pale penye malengelenge, akarudia. Akaweka kidole hapo.

"Huyu ndiye," akasema. "Yule wa gazetini hakuwahi kuumwa hata siku moja."

Mheshimiwa aliisoma kwa namna nyingine. Alianza kwa kusikitika kwamba barua ya Sikudhani haifanani na barua za Sikudhani. Alifika kwenye kumi na tisa. Akainuka, akafunga mlango.

"Kampitisha nani?"

"Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, Mheshimiwa, alipita siku uliyomuaga."

Alinitazama muda mrefu, akijaribu kuikasirikia sentensi ile bila kupata pa kuishika.

"Huyu mtoto ataitangaza hiyo kumi na tisa," akasema mwishowe. "Tutamtangulia. Kesho ukurasa wa kwanza, atuandikie kwamba ule mstari ni kutu ya mashine za wageni, na kwamba anaushukuru mfereji."

"Kwa jina lake?"

"Kwa jina lake. Watu wamekwisha kumzoea kupitia kwako, Ngwali. Hata akija kusema mwenyewe, watasema huyu siye."

Nilirudi mezani kwangu. Barua arobaini na tatu nilikuwa nimeziandika kwa jina la binti yule, hakuna iliyonichukua zaidi ya saa moja. Hii nilikaa nayo tangu adhuhuri. Niliandika "Wapendwa wananchi," nikakata. Nilizunguka meza. Nilikwenda dirishani, nikarudi. Niliandika neno kutu, nikaliangalia, nikakumbuka kifua cha mtu ambaye sikuwahi kumwona. Wenzangu wakafunga madroo yao, wakaniaga. Mjumbe wa gazeti akaja mara mbili kuulizia karatasi. Huko gazetini hawakuwa wakizisoma barua zangu tena, walizipanga tu zilivyo, maana tangu ile ya kwanza hazikuwahi kuwa na tatizo.

Alipokuja mara ya tatu nikampa. Ilikuwa fupi kuliko zote.

"Mimi si Sikudhani. Naitwa Ngwali Shemhina, mwandishi daraja la pili. Barua zote arobaini na tatu nimeziandika mimi, hapa mjini, nikiwa nimekaa. Mlipokuwa mnazisoma za mwanzo, yeye alikuwa amefichwa nyumbani kwa mama yake. Sasa amefika kweli, kwa miguu yake. Barua yake hii hapa chini." Nikaiambatisha yote, na ile "huenda" yake, na "kumi na tisa" yake, na malengelenge.

Gazeti lilitoka saa kumi na mbili asubuhi. Mke wangu nilikuwa nimempeleka kwa dada yake. Kufikia saa moja nilikuwa nimevaa suruali ya kazi na viatu, nimekaa sebuleni na kitambulisho mfukoni. Barabarani palikuwa na ukimya ambao sijapata kuusikia siku ya soko. Mara watu wawili walipita wakisoma huku wanatembea, wakasimama mbele ya nyumba yangu, wakaendelea.

Saa moja na robo mlango ukagongwa. Nikasimama, nikakunja mikono ya shati ili wasipate shida na pingu, nikafungua.

Alikuwa Bi Tausi, gazeti kwapani. Alikuwa ametoka kwake kwa miguu, na pumu ile, kifua kinapanda na kushuka. Aliingia bila kukaribishwa, akavuta kiti, akakiweka kando ya changu, vyote viwili vikatazama mlango.

"Nimekuja tungoje wote," akasema.

Basi tukangoja.